Rangi za maji ya "jehanamu" za Beppu, Japani: ni za asili au kuna mkono wa mtu?

#1 Kibaraza
Wanajukwaa, salaam. Naleta mada hii kwa sababu imezua ubishi kazini kwetu na hakuna aliyeweza kuukata. Mjini Beppu, katika mkoa wa Oita ulioko kisiwa cha Kyushu, kuna chemchemi saba za maji moto ambazo watu hawaogi bali huzitazama tu, na Wajapani huziita jehanamu. Umi Jigoku ni buluu iliyokolea, Chinoike Jigoku ni nyekundu, Shiraike Jigoku ni nyeupe yenye kuelekea buluu, Oniishibozu Jigoku ni matope ya kijivu yanayotokota, Kamado Jigoku ina vidimbwi vya rangi mbalimbali, Oniyama Jigoku inafuga mamba, na Tatsumaki Jigoku hurusha maji hewani kila baada ya dakika 30 hadi 40. Nilizizunguka zote nilipokwenda Oita kikazi.

Mwenzangu mmoja alipoziona picha alisema bila kupepesa macho kwamba hakuna maji ya asili yenye rangi hizo. Hoja yake ni kwamba mabwawa yale ni mali ya watu binafsi, kwamba Umi Jigoku ilianza kutoza kiingilio tangu 1910, na kwamba mtu anayekula kwa bwawa la buluu kwa zaidi ya miaka mia moja hawezi kukubali lipauke siku ya watalii wengi. Mimi naamini rangi ni za asili, lakini nilipotakiwa kueleza ni kitu gani hasa kinacholipatia bwawa lile buluu yake, nilikuta kila niliyemuuliza ana jibu lake. Waliosoma kemia, waliofika na wanaoishi huko, karibuni.

#2 Pweza Mkavu
Mkuu, kabla hatujawashuku Wajapani, tuishuku kwanza simu yako. Simu za siku hizi zikiona maji huyapaka buluu hata kama ni ya mtaro. Mwambie mwenzako ndoo ya rangi ipo, ila umeibeba wewe mfukoni.

#3 Kilimani Beppu
Ninasoma katika chuo kikuu kilichoko mlimani juu ya mji huu, na wageni wangu wote huniomba niwapeleke jehanamu, kwa hiyo nimeziona mvua ikinyesha, jua likiwaka na ukungu ukiwa umetanda. Simu haihusiki. Siku ambayo anga lote ni kijivu, bwawa la Umi linabaki buluu ileile, jambo ambalo pia linaiondoa hoja ya kwamba maji yanaakisi mbingu.

Maelezo yanayotolewa pale kwa wageni ni kwamba bwawa lilitokea miaka ipatayo 1,200 iliyopita baada ya mlipuko wa mlima Tsurumi, kwamba kina chake ni mita 200 hivi, kwamba maji yana nyuzijoto 98, na kwamba buluu inatokana na salfeti ya chuma iliyoyeyuka ndani yake. Kuna kikapu kinachoning'inizwa kwenye mti mrefu juu ya ukingo wa bwawa, mayai yakiwa ndani, nayo huivia humohumo na kuuzwa. Maganda yake hayatoki na rangi ya buluu hata chembe, jambo ambalo mwenzako angelitarajia kama pangekuwa na ndoo.

Jambo ambalo wageni wengi hulipita bila kuliona ni kwamba ndani ya uwanja huohuo wa Umi, karibu na hekalu dogo, kuna bwawa jingine lenye maji mekundu. Ni mwendo wa hatua chache tu kutoka kwenye lile la buluu. Anayetaka kueleza rangi ya moja inambidi aeleze na ya la pili.

#4 Mwalimu wa Maabara
Ahsante kwa mada. Nimefundisha kemia ya sekondari muda mrefu, na hilo la salfeti ya chuma halinishawishi, hata kama limeandikwa kwenye bango. Salfeti ya chuma ya kawaida ikiyeyushwa katika maji hutoa kijani hafifu mno, na ikiachwa hewani huanza kugeuka manjano na kahawia kwa sababu chuma kinaendelea kuungana na oksijeni. Salfeti yenye buluu ambayo kila mwanafunzi huikumbuka ni ya shaba. Kwa hiyo, ama maji ya Umi yana shaba nyingi, na hilo sijalisikia kwa yeyote, ama chuma kinasingiziwa.

Sisemi kwamba maji yametiwa rangi. Ninasema bango linarudia maelezo ambayo hayawezi kusimama mbele ya meza ya maabara.

#5 Mvuke wa Olkaria
Mwalimu #4 amenigusa mahali pangu. Ninafanya kazi katika visima vya jotoardhi huku Bonde la Ufa, na nimewahi kuhudhuria mafunzo ya fani hiyo Kyushu, ambako tulipelekwa kwenye kituo cha umeme cha Hatchobaru, ambacho kiko mkoa huohuo wa Oita na kina uwezo wa megawati 110. Siku ya mwisho tulifika Beppu.

Adui wetu wa kila siku kazini ni silika, yaani yale madini yanayounda mchanga na kioo. Maji yakiwa chini ya ardhi, kwenye joto kali na mgandamizo mkubwa, huyeyusha silika nyingi kutoka kwenye mwamba. Yakipanda juu na kupoa, hayawezi tena kuibeba yote, kwa hiyo silika iliyozidi huanza kushikana na kuwa chembechembe ndogo sana zinazoelea. Kwetu sisi chembechembe hizo huganda ndani ya mabomba na kuyaziba hadi fundi aingie na patasi. Katika bwawa la wazi hubaki zikielea, na kwa kuwa ni ndogo kuliko mawimbi ya mwanga, hutawanya zaidi sehemu ya buluu ya mwanga wa jua kuliko sehemu nyekundu. Jicho linaona buluu ingawa hakuna rangi yoyote iliyomo majini.

Haya si maoni yangu binafsi. Chuo Kikuu cha Kyoto kina maabara ya jotoardhi hapohapo Beppu tangu 1924, na watafiti wake wamechapisha kazi kuhusu buluu ya chemchemi za mji huo wakiihusisha na silika. Blue Lagoon, lile bwawa maarufu la maji moto la Aisilandi, nalo linaelezwa kwa njia hiyohiyo.

#6 Bi Mwanaidi
Mbona mnazunguka mbali? Maji safi yenyewe yana buluu kidogo, kwa sababu hunyonya sehemu nyekundu ya mwanga. Katika glasi huwezi kuiona kwa kuwa maji ni machache, lakini tazama bahari nje ya mwamba au ziwa refu. Ikiwa bwawa lina kina cha mita 200, hamhitaji silika wala chuma. Kina kinatosha.

#7 Mwalimu wa Maabara
Dada #6, hoja yako ni sahihi kwa bahari, lakini inahitaji mwanga ushuke chini na urudi. Mita 200 zinazotajwa ni za tundu ambalo maji yanatokea, si za beseni zima ambalo watalii wanalizunguka. Tena Umi haina ule uangavu wa bahari tulivu. Ukiitazama vizuri utaona buluu yake ina utusitusi fulani, huwezi kuona chini hata kwenye kingo ambako maji ni mafupi. Utusitusi huo unamsaidia ndugu wa #5 kuliko unavyokusaidia wewe.

#8 Bi Mwanaidi
Unavyosema utaona vizuri, je, wewe umeiona?

#9 Mwalimu wa Maabara
Nimeiona kwenye video, na video haikupigwa na simu ya mleta mada.

#10 Tumbawe
Kuna jambo ambalo wote mmelisahau, nalo ni viumbe. Kule Yellowstone, Marekani, lile bwawa kubwa la Grand Prismatic lina pete za manjano, chungwa na kahawia zinazotokana na bakteria wanaopenda maji ya moto. Kwa nini Beppu iwe tofauti?

#11 Mvuke wa Olkaria
Kwa sababu ya joto, ndugu Tumbawe. Bakteria wanaotumia mwanga wa jua, ambao ndio wenye rangi hizo, hawavuki nyuzijoto 73 hivi. Hata huko Yellowstone, pete za rangi ziko kwenye kingo ambako maji yamepoa, ilhali katikati penye moto zaidi ni buluu tupu. Umi ina nyuzijoto 98, Shiraike 95, Kamado 90 na zaidi, na Chinoike 78. Bakteria wa rangi unaowatafuta utawapata kwenye mifereji inayotoa maji nje, ambako utaona utando wa kijani na kahawia umeshika mawe. Huko nakupa haki yako kamili.

#12 Karani wa Nyaraka
Niruhusuni niitoe mada kwenye buluu, maana nyekundu imesahaulika na ndiyo yenye ushahidi mkongwe zaidi.

Katika karne ya 8, serikali ya kifalme ya Japani iliagiza kila jimbo liandike taarifa za ardhi yake, na taarifa ya jimbo la Bungo, ambalo leo ni sehemu kubwa ya mkoa wa Oita, imetufikia. Ndani yake imeelezwa chemchemi ya maji mekundu iliyoko Beppu, ambayo huchukuliwa kuwa ndiyo Chinoike ya leo. Mwandishi anasema maji yake ni mekundu na yana tope, kwamba tope hilo linafaa kupakwa kwenye nguzo za nyumba, na kwamba likitiririka nje hugeuka kuwa maji maangavu na kuelekea mashariki.

Someni hiyo sentensi ya mwisho taratibu. Mtu aliyeishi miaka 1,300 iliyopita, asiye na maabara wala kiingilio cha kulinda, aliona kwamba wekundu unatua na maji yanabaki safi. Maana yake ni kwamba wekundu ni udongo unaoelea. Pia tuhuma ya ndoo ya rangi inaporomoka hapo, labda mwenzake Kibaraza atuambie kwamba ndoo hiyo ilianza kutumika kabla ya kuwapo watalii.

#13 Kibaraza
Karani, nimemsomea. Anasema nyekundu ameikubali, lakini buluu hajaiona kwenye taarifa hiyo ya kale.

#14 Kilimani Beppu
Kuhusu Chinoike, wenyeji bado wanautumia udongo huo. Kwenye duka la palepale huuzwa mafuta ya kupaka ya ngozi yaliyotengenezwa kwa udongo mwekundu wa bwawa, na nilipopata ukurutu wa vidole wakati wa baridi, mama mwenye nyumba wangu alinipa kikopo chake. Yana rangi ya kutu na harufu ya kiberiti, na huacha alama kwenye mito ya kulalia ambayo haitoki kwa sabuni. Sitatoa ushuhuda wa tiba, kwa sababu wakati huohuo nilikuwa nimeacha kuosha vyombo kwa maji baridi.

#15 Mwalimu wa Maabara
Kwa Chinoike sina ubishi. Oksidi ya chuma ndiyo inayopaka udongo mwekundu popote duniani. Lakini angalieni linalofuata: ikiwa chuma kipo kwa wingi kiasi hicho chini ya Beppu, bango la Umi halikukitoa hewani. Huenda chuma kipo katika mabwawa yote mawili, ila katika moja kimeshaungana na oksijeni na kuwa tope jekundu, na katika jingine bado kimeyeyuka.

#16 Mvuke wa Olkaria
Kimeyeyuka sawa, lakini wewe mwenyewe umesema kikiyeyuka ni kijani hafifu. Huwezi kukikana chuma kwenye #4 ukakikaribisha tena kwenye #15.

#17 Mwalimu wa Maabara
Kijani hafifu juu ya buluu ya silika inaweza kuwa ndiyo ile rangi ya pekee ya Umi, ambayo si sawa na ya Blue Lagoon. Ya Aisilandi imepauka na ya Umi imekolea. Silika peke yake haielezi tofauti hiyo.

#18 Nyundo ya Mawe
Naomba nimtetee kidogo yule mwenzake wa Kibaraza, maana anapigwa na kila mtu ilhali hayupo. Mkono wa mtu upo Beppu, ila si kwenye rangi. Pale Tatsumaki maji yanayolipuka yana nguvu ya kupanda mita 30 hivi, lakini yamejengewa paa la mawe linaloyazuia ili yasimwagikie watazamaji, kwa hiyo unaloliona ni maji yakigonga dari na kurudi chini kwa dakika 6 hadi 10. Mamba wa Oniyama nao hawakuzaliwa na volkano. Waliletwa mwaka 1923 ili joto la chemchemi litumike kuwafuga. Shiraike ina nyumba ya samaki wa nchi za joto kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo akisema bustani ile imepangwa kwa ajili ya kuuza tiketi, hajakosea.

Lakini kutia rangi ni jambo jingine. Umi, Chinoike, Tatsumaki na Shiraike ziliwekwa mwaka 2009 katika orodha ya taifa ya mahali penye mandhari ya kulindwa, na mahali pa namna hiyo mwenye mali hana ruhusa ya kubadilisha atakavyo.

#19 Pweza Mkavu
Na mamba wanasemaje kuhusu silika?

#20 Shangazi Zuhura
Mamba hawasemi, mwanangu, wamelala. Mimi niliwaona. Wamerundikana juu ya saruji yenye mvuke, hakuna hata mmoja aliyefumbua jicho, na kwa kweli sikufurahia. Watoto walikuwa wanasubiri saa ya kulishwa, mimi nikatoka nje nikanunua yai.

#21 Msimamizi wa Jukwaa
Suala la ufugaji wa wanyama lina uzi wake. Hapa tubaki kwenye maji.

#22 Kibaraza
Nirudi kwenye maji, basi, kwa jambo nililoliona pale Kamado na ambalo hakuna aliyeligusa. Mhudumu alichukua kijiti cha ubani kilichowashwa, akainama kwenye ukingo wa kidimbwi, akapuliza moshi kidogo sana juu ya maji. Ghafla mvuke mzito mweupe ukafumka, si pale alipopuliza tu bali na kwenye matundu ya jirani, kiasi kwamba watu wa mbele walirudi nyuma. Alirudia mara kadhaa kwa madaha yaleyale, na kila mara ilifanya kazi. Je, moshi unaamsha nini humo ndani?

#23 Mvuke wa Olkaria
Hauamshi chochote chini, ndugu. Hewa iliyo juu ya kidimbwi kile tayari imejaa mvuke ambao hauonekani kwa macho. Mvuke ili ugeuke matone unahitaji kitu cha kushikilia, na chembe za moshi ndizo zinazokipa nafasi hiyo. Maji yaliyokuwepo hewani yanakuwa wingu ghafla. Ungeweza kuyafanya hayo jikoni kwako juu ya sufuria, ila usingepata wa kukulipa kiingilio.

#24 Tumbawe
Halafu matundu ya jirani je? Moshi ulipulizwa mahali pamoja.

#25 Mvuke wa Olkaria
Moshi unasafiri mbali kuliko unavyoonekana. Chembe chache zinatosha.

#26 Karani wa Nyaraka
Kabla hamjamaliza habari ya moshi, ile taarifa ya Bungo ina kisa kinachofanana na hicho. Inaeleza tundu jingine la maji moto lenye tope jeusi, ambalo kwa kawaida halitiririki, lakini mtu akilisogelea kimyakimya kisha akapaza sauti, tundu hushtuka, huunguruma na kurusha maji zaidi ya jo mbili, yaani kama mita 6. Wapo wanaolihusisha tundu hilo na Oniishibozu, lakini sidai hivyo.

Kwa hiyo wenyeji wa karne ya 8 walikuwa na ukelele na wa karne ya 21 wana ubani. Ningependa mtaalamu wa mvuke atueleze kama sauti ya mtu inaweza kuamsha chemchemi iliyo karibu kuchemka.

#27 Nyundo ya Mawe
Maji yaliyofikia ukomo wa kuchemka na yanayosubiri kisababu kidogo tu yanaweza kulipuka kwa mtikisiko. Lakini sauti ya mtu mmoja ni mtikisiko mdogo mno. Naona inayowezekana zaidi ni kwamba tundu lilikuwa linalipuka lenyewe kwa vipindi, kama Tatsumaki, na waliopiga kelele kwa wakati mwafaka ndio waliokwenda kusimulia. Waliopiga kelele na wasione kitu walirudi nyumbani kimya.

#28 Shangazi Zuhura
Oniishibozu mimi ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na sioni mtu akiitaja. Ni tope la kijivu linalotokota polepole kama uji mzito, kila povu likivimba hadi kuwa duara laini kisha likipasuka kwa sauti ndogo na kuacha pete. Wanasema maduara hayo ndiyo vichwa vya watawa walionyolewa. Unaweza kukaa hapo muda mrefu bila kuchoka, na hapahitaji kemia ya mtu yeyote.

#29 Mama Shamsa
Naomba kuuliza la safari, kwani ninatarajia kwenda na binti zangu. Je, jehanamu zote zinatembeleka kwa miguu? Na je, mwanamke Mwislamu anaweza kupata mahali pa kuogea maji hayo bila kuwa uchi mbele ya watu?

#30 Kilimani Beppu
Shikamoo mama. Tano ziko pamoja katika mtaa wa Kannawa, na unatoka moja kwenda nyingine kwa miguu: Umi, Oniishibozu, Kamado, Oniyama na Shiraike. Chinoike na Tatsumaki ziko mtaa mwingine, kama kilomita 3 kutoka hapo, nazo zimepakana. Watu huzifikia kwa basi. Zinafunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni kwa hesabu yetu ya saa. Nunua tiketi ya pamoja, maana ukilipia moja moja utaumia. Anza na Chinoike na Tatsumaki asubuhi kabla ya mabasi ya makundi, na ukifika Tatsumaki tazama kwanza kama taa ya kuashiria mlipuko imewaka.

Kuhusu kuoga, mabafu ya umma yametenganisha wanaume na wanawake, lakini ndani watu huoga bila nguo. Kwa ajili ya stara, tafuta nyumba zinazokodisha bafu la faragha kwa saa, ambalo mnafunga mlango wenyewe. Ziko nyingi hapa, kwa kuwa mji una matundu ya maji moto zaidi ya 2,000. Ndani ya baadhi ya jehanamu, zikiwemo Umi, Kamado na Chinoike, kuna mahali pa kutumbukiza miguu tu, nguo zikiwa mwilini. Msikiti pia upo mjini.

Njaa ikiwashika hapo Kannawa, kuna mahali mnakodi chungu cha mvuke na kupika wenyewe mahindi, viazi vitamu, mayai na kamba kwa mvuke wa chemchemi. Vua bangili za fedha kabla. Gesi ya hapa huzigeuza nyeusi.

#31 Mama Shamsa
Marahaba mwanangu, ahsante sana.

#32 Bi Mwanaidi
Sasa turudi kwenye buluu, maana naona mmenizika nikiwa hai. Niwaulize wafuasi wa silika swali moja. Mmesema maji yakipoa silika hushikana, chembe ndogo hutoa buluu. Shiraike nayo mnasema ni silika, ila imekuwa nyeupe. Iweje silika hiyohiyo itoe rangi mbili?

#33 Mvuke wa Olkaria
Swali zuri, na jibu lake ndilo linalonifanya niiamini silika. Chembe zikiwa ndogo mno hutawanya buluu zaidi. Zikiendelea kushikana na kukua, hufika mahali zinatawanya rangi zote kwa usawa, na jicho likaona weupe. Maji ya Shiraike hutoka ardhini yakiwa maangavu, kisha hugeuka meupe yakifika bwawani ambako joto na mgandamizo vinashuka. Kwa hiyo maangavu, buluu na meupe ni hatua tatu za maji ya aina moja, na tofauti ni muda ambao chembe zimepata wa kukua. Pale Kamado mnaweza kuona hatua hizo katika vidimbwi vilivyo jirani, na wahudumu wenyewe husema kidimbwi kimoja hubadilika rangi mara kadhaa kwa mwaka.

#34 Bi Mwanaidi
Umeeleza vizuri, lakini umejifunga. Kwa maelezo yako, maji yaliyopoa zaidi ndiyo meupe. Umi ni nyuzijoto 98 na Shiraike 95. Nyuzi 3 tu ndizo zinazotenga buluu iliyokolea na weupe? Kamado kwa 90 ingekuwa nyeupe kuliko zote, na sivyo ilivyo.

#35 Nyundo ya Mawe
Joto linalotajwa ni la mahali maji yanapotokea, wala si la uso wa bwawa. Tena kuna asidi. Silika hushikana polepole sana ndani ya maji yenye asidi, na haraka zaidi katika maji yasiyo na asidi. Maji ya Umi yana asidi na chumvi. Huenda ndiyo sababu chembe zake zinabaki ndogo hata baada ya muda mrefu, na bwawa halifiki kwenye weupe.

#36 Mwalimu wa Maabara
Ukiitaja asidi unanirudishia chuma changu, kwa sababu asidi hiyohiyo ndiyo inayokifanya chuma kibaki kimeyeyuka bila kugeuka tope. Bwawa lile jekundu lililoko ndani ya uwanja wa Umi, ambalo Kilimani alilitaja kwenye #3, nalo halijaelezwa na mtu wa silika hadi sasa.

#37 Mvuke wa Olkaria
Kuna jaribio rahisi la kuanzia. Kilimani, siku ukipita Umi jioni kabla hawajafunga, mulika tochi yenye mwali mwembamba kwenye maji ya ukingoni na utazame kutokea ubavuni. Mwali ukionekana ndani ya maji kuanzia mwanzo hadi mwisho, kuna chembe zinazoelea. Ukipita bila kuonekana, basi rangi iko kwenye kitu kilichoyeyuka, na Mwalimu atakuwa na la kusema.

#38 Kilimani Beppu
Ukingoni hawaruhusu kusogea, na juu ya bwawa kuna mvuke mwingi kiasi kwamba tochi itaonyesha mwali hewani kabla haijafika majini. Labda nijaribu kwa maji ya kutumbukiza miguu, yanatoka huko huko.

#39 Mwalimu wa Maabara
Hayo yameshapozwa, na kupoza ndiko kunakodaiwa kuzalisha chembe. Ukiuona mwali humo, hutakuwa umethibitisha lolote kuhusu bwawa.

#40 Mvuke wa Olkaria
Jaribu hivyo hivyo. Kisha chota kidogo kwenye chupa ya kioo, iache dirishani kwa wiki nzima, utuambie kama imebaki angavu, imepata weupe au imeacha kutu chini.

#41 Kibaraza
Yule mwenzangu amesoma hadi #39. Anasema sasa amekubali kwamba hakuna ndoo, ila anauliza nani alimlipa mwandika bango.